Gale kwa matabaka 31: shajara ya modeli ya kreta ya Mirihi

Kinachojengwa ni modeli ya mkono ya kreta ya Gale, iliyoko sayari ya Mirihi, kwa kadibodi, gundi na jasi. Skeli ya mlalo ni 1:300,000, ya wima ni 1:100,000. Sharti tulilojiwekea tangu mwanzo ni kwamba kila ukingo wa kadibodi uwe na namba yake ya kimo, na namba hiyo iwe imetoka kwenye vipimo vya vyombo vilivyoizunguka Mirihi. Hakuna kilima kitakachofinyangwa kwa sababu kinapendeza.

Gale ina upana wa km 154. Kitovu chake kiko latitudo 5.4° kusini na longitudo 137.8° mashariki, palepale nyanda za juu za kusini mwa Mirihi zinaposhukia tambarare za kaskazini. Ndani yake umesimama mlima, Aeolis Mons kwa jina rasmi, Mount Sharp kwa jina la wanasayansi wanaoufanyia kazi, unaopanda takriban km 5.5 juu ya sakafu ya kaskazini. Kigari cha uchunguzi cha NASA, Curiosity, kiko humo tangu tarehe 6 Agosti 2012. Jina la kreta ni la Walter Frederick Gale, mtu wa benki wa Sydney aliyeitazama Mirihi kwa darubini mwishoni mwa karne ya 19.

Neno moja kabla ya kazi. Tunasema "kreta" wala si "kasoko", kwa kuwa kasoko humpeleka msomaji kwenye volkano. Ngorongoro ni volkano iliyobomoka na kudidimia; Gale ni shimo la mgongano, lililochimbwa na mwamba kutoka angani zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Kwa skeli zetu Ngorongoro, yenye upana wa km 19 hivi na kina cha mita 600, ingekuwa kisahani cha cm 6.3 chenye kina cha mm 6. Gale ni cm 51.3.

WIKI YA 1: DATA

Vyanzo viwili vinatosha, na vyote hutolewa bure na kitengo cha Astrogeology cha USGS, shirika la jiolojia la Marekani. Cha kwanza ni ramani ya mwinuko ya MOLA, kipimakimo cha leza kilichokuwa kwenye chombo cha Mars Global Surveyor. Pikseli yake ni mita 463, sawa na pikseli 128 kwa digrii, na faili la sayari nzima lina takriban GB 2. Cha pili kinachanganya MOLA na picha za stereo (jozi zilizopigwa kwa pembe mbili tofauti) za kamera ya HRSC ya chombo cha Mars Express. Pikseli yake ni mita 200, na faili ni takriban GB 11.

Kabla ya kuchoma bando la GB 11, piga hesabu ya kisu. Kwa 1:300,000, mita 463 ni mm 1.5 na mita 200 ni mm 0.7. Mkono uliozoea hukata kadibodi ya mm 2 kwa kosa la nusu milimita. Kwa hiyo data ya mita 200 inalingana na uwezo wa mkono, na chochote kilicho laini zaidi kingepotea kwenye ncha ya wembe. MOLA peke yake ingetosha kwa modeli ya nusu ya ukubwa huu. Kwa ukubwa wetu ina kasoro moja: karibu na ikweta njia za chombo zilipita mbalimbali, mapengo ya kilomita kadhaa yakajazwa kwa hesabu, na kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zikatoka na mikunjo inayofuata mistari ya kaskazini-kusini. Ukiona mfululizo wa "matuta" yaliyonyooka kama mistari ya jembe kwenye sakafu ya Gale, hayo si mandhari ya Mirihi, ni njia za chombo.

Kuhusu kimo cha sifuri: Mirihi haina bahari. Sifuri yake inaitwa areoidi, uso wa kufikirika ambao maji, kama yangekuwapo, yangetulia juu yake bila kutiririka upande wowote. Sakafu ya Gale iko chini sana ya uso huo. Curiosity ilitua mahali penye kimo cha −4,501 m. Namba hasi zinazoendelea namna hii ni kawaida, lakini hakikisha programu haijazitupa. Kwenye mafaili haya pikseli isiyo na data hupewa thamani ya −32,768. Iandike wazi kwenye mipangilio, la sivyo pikseli moja tupu itachimba shimo la km 32 katikati ya modeli, na kipimo cha rangi kitavurugika kiasi kwamba Gale yote itaonekana bapa.

WIKI YA 2: PROJEKSHENI NA KONTUA

Faili la chanzo liko katika projeksheni (namna ya kulaza uso wa mviringo kwenye ramani) ya silinda sahili: digrii zimegeuzwa mita kana kwamba sayari ni karatasi. Kwa latitudo ya Gale upotoshaji wa mashariki-magharibi ni asilimia 0.45 tu, yaani mm 2.3 katika cm 51.3. Mtu angeweza kuuachilia. Hatukuuachilia, kwa sababu kuurekebisha ni mstari mmoja wa amri wa programu ya ramani ya GDAL, na kwa sababu anayetaka kufuata njia hii kwa kreta ya Jezero, iliyoko 18.4° kaskazini, atakuta upotoshaji wa zaidi ya asilimia 5.

gdalwarp -t_srs "+proj=stere +lat_0=-5.4 +lon_0=137.8 +R=3396190 +units=m" -te -90000 -90000 90000 90000 -tr 200 200 -r bilinear chanzo.tif gale.tif

Hii inakata mraba wa km 180, pikseli 900 kwa 900, kitovu chake kikiwa kitovu cha kreta. (Wiki ya 3 mraba huu ulipunguzwa, sababu inakuja.)

Kosa linalowakuta wengi ni nusukipenyo. Programu za ramani zimezaliwa duniani, na usipozieleza hudhani unapima Dunia. Nusukipenyo cha Mirihi kwenye ikweta ni km 3,396.19, cha Dunia ni km 6,378.14. Jaribio la dakika moja: pima Gale kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipata karibu km 154, endelea. Ukipata karibu km 289, umepima kwa rula ya Dunia. Matoleo mapya ya PROJ, programu inayofanya hesabu za projeksheni, hukataa kabisa kubadilisha kutoka sayari moja kwenda nyingine na kutoa ujumbe wa kosa. Kuna namna ya kuzima ukatazo huo. Usiuzime, tafuta faili gani limeandikwa mfumo usio wake.

Longitudo nayo ina mtego. Ramani nyingi za zamani za Mirihi zinahesabu kuelekea magharibi, na humo Gale iko 222.2°. Za sasa zinahesabu kuelekea mashariki, 137.8°. Ukichanganya, utakata kipande cha jangwa kisicho na kreta yoyote ya maana.

Kabla ya kuchora kontua tulilainisha data kwa wastani wa dirisha la pikseli 5 kwa 5, yaani km 1, ambayo kwenye modeli ni mm 3.3. Bila kulainisha, kila kontua ya sakafuni inakuwa na visiwa kama punje za mchele. Kisha:

gdal_contour -a kimo -i 200 gale_laini.tif kontua.gpkg

Visiwa vyenye upana chini ya km 1.2, mm 4 za modeli, vilifutwa. Ulainishaji una gharama na lazima isemwe: kreta ndogo za sakafuni zinatoweka, na mkondo wa Peace Vallis, ulioingiza maji kupitia ukingo wa kaskazini-magharibi, unabaki kivuli tu. Hivyo vitarudishwa kwa mkono juu ya jasi, kwa kufuata picha za kamera ya CTX zenye pikseli ya mita 6.

Kontua tulizochagua ni kila mita 200 kutoka −4,600 hadi +1,400. Hizo ni 31. Kila moja ni tabaka la mm 2, kwa hiyo modeli ina urefu wa mm 62 juu ya kitako. Chochote cha nyanda za kusini kinachozidi hapo kinakatwa bapa.

Modeli bapa inaficha jambo moja ambalo tunalitaja kila mara. Katika upana wa km 180 Mirihi yenyewe imepinda: kitovu kimebenuka takriban km 1.2 juu ya mstari ulionyooka kati ya pande mbili. Kwa skeli yetu ya wima hizo ni mm 12, unene wa matabaka sita. Tumefuata areoidi, kwa hiyo mpindo haumo.

WIKI YA 3: KARATASI INAAMUA UKUBWA

Mpango ulikuwa modeli ya cm 60 kwa 60. Kuchapa kwa A4 kungetaka karatasi 12 kwa kila nakala, zote zikiungwa kwa tepu, na kila mwungo ni kosa jipya. Tukaenda kwenye duka linalochapa michoro ya majengo kwa plota, mashine ya kuchapa karatasi kubwa. Hapo ndipo cm 60 zilipokufa: karatasi ya A1 ina upana wa cm 59.4, na plota huacha pambizo. Skeli haikuguswa; tulipunguza mraba hadi km 171, yaani cm 57, kwa kubadilisha 90000 kuwa 85500 kwenye amri ya juu. Kreta inabaki na cm 2.85 kila upande, inatosha kuonyesha mteremko wa nje wa ukingo.

Mwambie mchapaji achape asilimia 100 bila "kutosheleza ukurasa", kisha pima hapohapo dukani kwa rula ya chuma. Tulichora msalaba kila pembe na mstari wa sentimita 50 chini ya mchoro. Nakala ya kwanza ilitoka cm 48.6. Ilirudishwa.

Sasa kuhusu idadi ya kadibodi, na hapa ndipo umbo la Gale linapolazimisha mbinu. Njia ya kawaida ni kukata ubao kamili kwa kila tabaka: kadibodi 31. Njia ya mafundi wa modeli za majengo ni kutumia chache: ubao wa kwanza unakatwa kwenye kontua ya 1, 5, 9 na kuendelea, wa pili kwenye 2, 6, 10, wa tatu 3, 7, 11, wa nne 4, 8, 12. Kila pete inayopatikana huanza kwenye kontua yake na kuishia nne mbele, na hulala juu ya pete ya chini yake kwa upana wa vipindi vitatu (kipindi ni nafasi kati ya kontua moja na inayofuata). Kadibodi nne zinazaa matabaka yote 31: nane, nane, nane na saba.

Kwa nini nne, si mbili? Kwa sababu ya miteremko. Penye mteremko wa digrii 20, kipindi cha mita 200 kina upana wa mita 550 kwenye ramani, mm 1.8 kwenye modeli. Kwa mbao mbili, mm 1.8 ndiyo sehemu yote ya kugundishwa, na pete inang'oka ukiigusa. Kwa mbao nne ni mm 5.5, na inashika.

Gharama ya njia hii ni kwamba modeli inakuwa ganda. Mahali popote kuna matabaka manne tu, mm 8, na chini yake ni tupu. Mfano: penye kimo cha 0 m yapo matabaka ya −600, −400, −200 na 0. Chini yake yamekosekana matabaka 20, yaani pengo la mm 40, na lazima pawe na nguzo ya vipande 20 vya mabaki ya kadibodi. Tuliweka nguzo kila cm 4, na kila cm 2 chini ya mlima.

Vifaa: kadibodi ngumu ya kijivu ya mm 2, ile ya majalada ya vitabu, karatasi tano za cm 70 kwa 100 (nne za modeli, moja ya akiba na nguzo), plaiwudi ya mm 12 ya kitako, gundi nyeupe ya mbao, visu vya wembe wa kuvunjika na pakiti mbili za wembe, karatasi ya kaboni, vijiti vya mishikaki, uzi mweusi, misumari midogo. Pima kadibodi yenyewe kabla ya kuamini lebo. Vipande kumi vya kwetu vilipopangwa vilikuwa mm 20.6, kwa hiyo matabaka 31 yatakuwa karibu mm 64, kosa la asilimia 3. Tumelikubali.

WIKI YA 4 NA YA 5: KUKATA

Kwenye kilima cha kawaida ndani ya kontua ni juu na nje ni chini. Hakuna wa kuchanganyikiwa. Gale si kilima. Ni ukingo wa mviringo, kisha handaki, kisha mlima katikati ya handaki. Kontua ya kimo kilekile inaweza kupita zaidi ya mara moja ukitoka nje kuja katikati, na kila mara upande wa juu umegeuka. Kipande kikishakatwa na kuwekwa mezani, hakuna kitu juu yake kinachosema upande upi ni wa juu. Kanuni tuliyoishika ni kuandika namba ya kimo upande wa juu wa mstari sikuzote, na kuchora vijimistari vifupi upande wa chini, kabla wembe haujagusa kadibodi. Vipande viwili vilivyosahauliwa namba vilichukua jioni nzima kutambuliwa.

Wembe: pita mara nne au tano kwa nguvu ndogo. Anayekata kwa mara moja hupasua tabaka la chini la kadibodi na ukingo unatoka na manyoya. Vunja ncha ya wembe kila baada ya mita mbili za mkato. Kwenye kona kali usizungushe kisu, zungusha kadibodi.

Ukingo wa kaskazini ulitupa shida ya kipekee. Ni mwembamba na uko chini kuliko wa kusini, na kilele cha mlima kimeupita kwa mbali. Kwa hiyo kadiri matabaka yanavyopanda, mviringo unafunguka upande wa kaskazini na kuwa kwato ya farasi, kisha vinabaki vipande vya mwezi mwandamo vyenye upana wa mm 6 au 7, vinavyokatika vikiinuliwa. Suluhisho: popote mgongo wa ukingo una upana chini ya mm 15, usikate kontua ya ndani. Acha kipande kizima, na kipande cha juu yake kikate kutoka kwenye mabaki. Unapoteza kadibodi kidogo na kupata ukingo usiovunjika.

Kwa mtazamaji, kwato hiyo ndiyo somo kubwa kuliko yote ya modeli hii. Bila maelezo anaona kwa macho kwamba Gale imekaa mlangoni kati ya nusu mbili za Mirihi, ya juu na ya chini.

WIKI YA 6: KUGUNDISHA, NA MLIMA ULIOHAMA

Gundi nyeupe ina maji, na maji hupinda kadibodi. Paka nyembamba kwa kipande cha kadi, upande mmoja tu, weka, kandamiza kwa matofali yaliyofungwa gazeti kwa dakika 20 kwa kila tabaka. Gundi ya mpira haipindi kadibodi, lakini hushika papo hapo na hairuhusu kusogeza. Kwa pete zinazotaka kupangwa kwa nusu milimita haifai.

Pete za nje zilipangwa kwa vijiti vya mishikaki vilivyosimama kwenye pembe nne. Mlima hauna pembe. Ni kisiwa, na hakuna kijiti cha nje kinachoufikia. Tuliutegemea mstari wa tabaka la juu uliochorwa kwenye tabaka la chini, na kupanga kwa jicho.

Tulipofika tabaka la −3,000 tukakazia uzi juu ya modeli, kwenye misumari ya kitako, nyuzi tano kila upande kwa umbali wa cm 10, sawa na km 30. Kisiwa kilikuwa kimehama mm 4 kuelekea magharibi. Kwenye Mirihi hizo ni km 1.2.

Sababu ilipatikana kwa kurudia kazi polepole. Taa ilikuwa upande mmoja wa meza. Ukingo wa kadibodi ya mm 2 hutupa kivuli chembamba, na jicho huchukua kivuli kuwa ndio mstari. Kila tabaka lilikosea nusu milimita, na yote yalikosea upande uleule: matabaka manane kuanzia −4,400, nusu milimita kila moja, jumla mm 4. Makosa ya bahati nasibu yangefutana, haya yalipangana.

Gundi nyeupe ikikauka hairudi kuwa majimaji. Kitambaa cha uvuguvugu hulainisha mwungo lakini pia huvimbisha kadibodi. Tulipenyeza wembe mrefu kati ya matabaka, pete tano zikatoka salama na tatu zikachanika. Hizo zilikatwa upya kutoka kwenye kadibodi ya akiba. Tangu hapo taratibu ni hizi: taa mbili zinazotazamana, modeli inazungushwa robo mzunguko baada ya kila tabaka, na uzi unakazwa kabla ya matofali, wala si baada ya wiki.

Alama ya kuhakikishia ilikuwa kitovu cha Aeolis Mons, 5.08° kusini na 137.85° mashariki. Digrii moja ya Mirihi ni km 59.27, kwa hiyo kitovu hicho kinatakiwa kiwe cm 6.3 kaskazini na cm 1.0 mashariki ya kitovu cha kreta. Baada ya matengenezo tofauti ni chini ya milimita moja.

WIKI YA 7

Matabaka ya −2,800 hadi +1,400. Hakuna tatizo jipya. Nguzo za ndani zigundishwe kabla ya pete kuzifunika. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini mbili zilibaki mezani.

WIKI YA 8: USO

Matabaka yalivyo ni ngazi. Kujaza ngazi kuna kanuni moja: ukingo wa juu wa kila tabaka ndio kimo kilichopimwa, na hauguswi. Unajaza pembe ya ndani tu, kati ya ukingo mmoja na mwingine. Ukiupandisha uji wa jasi juu ya ukingo umeongeza mlima ambao haupo. Ukiusugua ukingo kwa msasa umeufuta uliopo.

Jaribio la kwanza, kwenye kipande cha pembeni, lilikuwa jasi na maji peke yake. Kadibodi ilinywa maji kabla jasi haijashika, na magamba yakabanduka siku ya pili. La pili lilifaulu: kwanza mikono miwili ya gundi nyeupe iliyozimuliwa, gundi sehemu 1 kwa maji sehemu 3, juu na chini ya modeli ili isivutwe upande mmoja; kisha rojo la karatasi laini ya chooni iliyolowekwa na kukamuliwa gramu 200, gundi gramu 150, jasi gramu 250. Linakaa laini kama saa moja. Paka unene wa milimita moja, subiri siku nzima, paka tena. Ukipaka nene kwa mara moja, rojo husinyaa na kuvuta kingo juu.

Rojo likiwa bichi ndipo Peace Vallis inachorwa kwa kijiti, na kreta ndogo za sakafuni zinabonyezwa kwa vichwa vya misumari ya ukubwa mbalimbali.

WIKI YA 9: RANGI, PINI NA TAA

Rangi ya msingi ni oksaidi nyekundu, ile poda ya kusiriba sakafu za saruji, ndani ya rangi ya maji ya krimu. Ni oksaidi ya chuma, na vumbi linaloipa Mirihi wekundu wake ni oksaidi ya chuma vilevile, kwa hiyo tumebaki ndani ya kemia ileile. Ukanda wa mchanga wa Bagnold, chini ya ubavu wa kaskazini-magharibi wa mlima, ni kijivu cheusi, kwa kuwa ni mchanga wa basalti, mwamba mweusi wa volkano. Tulikataa rangi za atlasi, kijani chini na kahawia juu. Kijani kwenye sakafu ya Gale kingemwambia mtoto kuna majani.

Pini ya kutua kwa Curiosity: 4.5895° kusini, 137.4417° mashariki. Kutoka kitovu cha kreta ni cm 16.0 kaskazini na cm 7.1 magharibi. Duaradufu iliyolengwa kwa kutua ilikuwa km 20 kwa 7. Kwa skeli yetu ni karatasi ya mm 67 kwa 23, na ukiilaza sakafuni unaona jinsi ilivyobanwa kati ya ukingo na mlima. Kigari chenyewe, chenye urefu wa mita 3 hivi, kingekuwa sehemu ya mia ya milimita.

Pini zilizofuata zilikwama. Yellowknife Bay, ambako mwezi Februari 2013 Curiosity ilitoboa mwamba wa tope la ziwa la kale, tundu la upana wa cm 1.6 na kina cha cm 6.4, iko takriban mita 450 kutoka ilipotua. Kwenye modeli ni mm 1.5, na kichwa cha pini kina mm 3. Tukaacha pini moja kwa zote mbili. Zinazotenganika vizuri ni za baadaye: Pahrump Hills chini ya mlima (2014), mgongo wa Vera Rubin wenye hematiti, madini ya chuma (2017), bonde la udongo wa mfinyanzi la Glen Torridon (2019), na Gediz Vallis, ambako tarehe 30 Mei 2024 magurudumu yalipasua jiwe na ndani yake mkaonekana fuwele za manjano za salfa tupu. Hadi katikati ya 2025 kigari kilikuwa kimetembea km 35 hivi, cm 11.7 za uzi ukinyooshwa. Njia ina mizunguko midogo kuliko unene wa uzi, kwa hiyo uzi uliogundishwa ni mfupi zaidi ya hapo.

Kando ya modeli tumeweka ukanda wa kadibodi wenye sura ya mkato wa kaskazini-kusini bila kukuza wima: mlima wote ni mm 18 tu. Bila ukanda huo modeli inadanganya, kwani mteremko wa digrii 10 unaonekana wa digrii 28, na mtu anashangaa kigari cha kilo 899 kinapandaje.

Swali linaloulizwa mara nyingi na kila anayeinama juu ya modeli ni kama mlima ulikuwa umefunikwa wote, kreta ikiwa imejaa hadi ukingoni kisha upepo ukaichimba. Modeli haiwezi kujibu, lakini kipimo kimoja kinastahili kuandikwa kwenye kibao chake. Mwaka 2019 wanasayansi walitumia vihisi mwendo vya Curiosity, vilivyowekwa kwa ajili ya uongozaji tu, kupima uvutano kigari kikipanda, wakapata uzito wa mwamba wa takriban kilo 1,680 kwa mita ya ujazo. Ni mwamba mwepesi, wenye vinyweleo vingi. Mwamba uliowahi kulaliwa na kilomita nyingi za mawe hushindiliwa zaidi ya hapo.

Taa ya maonyesho iko magharibi, kushoto kwa mtazamaji aliyesimama kusini, nyuzi 30 juu ya meza. CTX iko kwenye chombo kinachopita saa za alasiri za Mirihi, jua likiwa magharibi, kwa hiyo vivuli vya modeli vinalala upande uleule wa vivuli vya picha zilizobandikwa ukutani. Taa ilipojaribiwa upande wa kusini, karibu na mtazamaji, macho ya watu wengi yaligeuza umbo: kreta ikawa kuba na mlima ukawa shimo. Mguu wa taa umefungwa kwa skrubu kwenye plaiwudi, na mshale wa kaskazini umechorwa kwenye pembe ya kitako.